Anayekunywa Chai na Anayekunywa Chai Tu

(Hotuba kwa walimu wa hisabati wa sekondari, semina ya likizo)

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa kidato cha pili mlioletwa hapa Jumamosi bila kuulizwa kama mnataka: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Ratiba inasema nizungumzie mbinu bora za kufundisha mafumbo ya seti, yaani makundi ya watu au vitu. Mbinu bora sina. Nina fumbo, na naomba kila mmoja alifanye kichwani, waheshimiwa wa meza kuu mkiwemo.

Watu 40 waliingia mgahawani asubuhi. Watu 26 walikunywa chai. Watu 19 walikula chapati. Watu 7 hawakunywa chai wala hawakula chapati. Walifuata televisheni tu. Je, wangapi walikunywa chai na kula chapati?

Nasikia 12 kutoka nyuma. Vizuri sana. Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililonileta hapa: wangapi walikunywa chai?

Haya. Upande huu wanasema 14, upande ule wanasema 26, na katikati mmenyamaza kwa busara. Jibu ni 26. Nimelitamka mwenyewe dakika moja iliyopita. Waliosema 14 hesabu yao haina kosa hata moja, 26 kutoa 12 ni 14, ila wamejibu swali ambalo sikuliuliza. Wamejibu walikunywa chai wangapi bila kula chapati.

Walimu, nimesahihisha madaftari ya seti kwa miaka mingi, na nawaambia kwamba wanafunzi wanaokosa kujumlisha na kutoa ni wachache. Wengi wanakosa kusoma. Fumbo la seti ni somo la ufahamu lililovaa nguo za hesabu, na mchoro wa Venn, ule wa maduara yanayoingiliana, ni chombo cha kumlazimisha msomaji aseme waziwazi kila mtu anakaa wapi. Tukiufundisha kama mapambo ya kuchora baada ya jibu kupatikana kwa kanuni, tumeutupa.

Turudi mgahawani. Chora mstatili: hao ndio watu wote 40. Ndani yake chora maduara mawili yanayoingiliana, moja la chai na moja la chapati. Usiandike namba yoyote kwanza. Hesabu vyumba. Viko vinne: chai bila chapati, chapati bila chai, vyote viwili, na nje ya maduara yote. Kila mteja ana chumba kimoja tu, hakuna mwenye viwili na hakuna asiye nacho. Sasa uliza: ile 26 inakaa chumba gani? Haina chumba! Ni ya duara zima, yaani vyumba viwili kwa pamoja. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi waiandike nje, juu ya duara, karibu na jina lake. Mwanafunzi anayeichomeka 26 ndani ya chumba cha kushoto ameshapotea kabla hajajumlisha chochote.

Namba inayokwenda moja kwa moja chumbani ni 7, ile ya nje. Zinabaki 33 ndani ya maduara. Lakini 26 na 19 ni 45. Zimezidi 12, na ziada hiyo haikutokea hewani: ni watu waliohesabiwa mara mbili, mara moja na kikombe mkononi na mara ya pili na chapati. Basi kati ni 12, kushoto 14, kulia 7, nje 7. Jumla 40. Hiyo jumla ya mwisho iandikwe daftarini kila mara. Ni ukaguzi wa bure.

Mmeona sikuandika kanuni yoyote. Kanuni ipo, na inasema kilekile nilichosema: jumlisha maduara, ondoa waliorudiwa. Siipingi. Ninachopinga ni kumpa mtoto kanuni Jumatatu na mchoro Alhamisi. Akishaishika kanuni atatafuta namba tatu za kupachika, na kama fumbo limesema “chai tu ni 14” atapachika 14 palepale panapotakiwa 26, kisha atapata jibu safi lisilo na maana.

Sasa niseme kidogo kuhusu mwenye mchoro. John Venn alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Hull, Uingereza, akafundisha maisha yake karibu yote Cambridge, katika chuo cha Gonville and Caius. Makala yake ya michoro hii ilitoka mwaka 1880. Hakuwa anahesabu watu wala chapati. Alikuwa mtu wa mantiki, anapima kama hoja inashika au haishiki. Mwenyewe hakuiita kwa jina lake; aliita maduara ya Euler, kwa heshima ya Leonhard Euler ambaye zaidi ya miaka mia moja kabla yake alitumia maduara katika barua za kumfundisha binti mfalme wa Kijerumani. (Venn huyohuyo alitengeneza mashine ya kurusha mpira wa kriketi, na wachezaji wa Australia walipopita Cambridge mwaka 1909 mashine ile ilimtoa mmoja wao zaidi ya mara moja. Vijana, mnaona mtu wa mantiki anavyopumzika.)

Tofauti ya Euler na Venn ina faida kwetu darasani. Euler alichora uhusiano uliopo. Kama hakuna kuku mwenye meno, duara la kuku na duara la wenye meno anayaweka mbalimbali, hayagusani. Venn alisema hapana, chora kwanza vyumba vyote vinavyowezekana, hata ambavyo huenda havina mtu, halafu ndipo useme kipi kitupu. Kwa hoja ngumu hiyo ilikuwa hatua kubwa, maana huhitaji kujua jibu ili uanze kuchora. Na mwanafunzi wetu ndivyo alivyo: hajui jibu. Achore vyumba vyote, ndipo asome.

Twende kwenye maduara matatu, hapa ndipo vilio vilipo. Namba nimezitunga, lakini mazao ni ya kwetu kusini. Kijiji kina kaya 120. Kaya 80 zinalima korosho, 54 ufuta, 60 mihogo. Zinazolima korosho na ufuta ni 32, ufuta na mihogo 27, korosho na mihogo 38. Zinazolima vyote vitatu ni 15. Kaya ngapi hazilimi hata zao moja kati ya haya?

Maduara matatu yana vyumba vinane, pamoja na cha nje. Sote tunawaambia wanafunzi waanzie katikati, sawa, lakini tuwaambie na sababu. Kati ya namba saba za mazao, 15 ndiyo pekee yenye chumba chake peke yake. Nyingine zote zimebeba watu wa vyumba kadhaa. Unaanza na unayemjua kwa hakika.

Weka 15 katikati. Sasa ile 32 ya korosho na ufuta. Je, wale 15 wanaolima vyote vitatu wanalima korosho na ufuta? Wanalima. Basi wamo ndani ya 32, na wanaolima hayo mawili bila mihogo ni 17. Vivyo hivyo ufuta na mihogo bila korosho ni 12, korosho na mihogo bila ufuta ni 23. Korosho peke yake: 80 toa 17, toa 23, toa 15, inabaki 25. Ufuta peke yake 10, mihogo peke yake 10. Jumlisha vyumba saba: 112. Nje ni kaya 8.

Lakini nataka kuwaonyesha daftari la pili, la mwanafunzi ambaye si mvivu. Huyu amesoma “korosho na ufuta ni 32” akaelewa kwamba ni hayo mawili tu. Akaandika 32 kamili kwenye chumba cha korosho na ufuta, 27 kule, 38 huku, na 15 katikati. Kisha akatafuta korosho peke yake: 80 toa 32, toa 38, toa 15. Amepata hasi tano. Ufuta peke yake, hasi ishirini. Mihogo, hasi ishirini tena.

Kaya hasi tano! Watu ambao bado hawajazaliwa tayari wanadaiwa pembejeo za korosho. Anafanya nini? Wengi hufuta ile alama ya kutoa, wakaandika 5. Mimi nasema hapo ndipo penye dhahabu ya somo zima. Mchoro umemgusa bega ukamwambia “rudi ukasome”. Angetumia kanuni asingeguswa na mtu. Mwalimu anayekata kwa kalamu nyekundu na kusonga mbele amepitwa na nafasi. Simama hapo, muulize darasa zima: hizi kaya hasi tano zimetoka kwenye sentensi ipi?

Mwenzangu mmoja ameniuliza wakati wa chai (ile chai tu, bila chapati), je, katikati pasipotolewa? Hapo tunaweka x, na wanafunzi wanaogopa, wakati mimi naona hapo ndipo utamu ulipo. Futa ile 15. Katikati ni x. Korosho na ufuta bila mihogo ni 32 toa x, na kadhalika. Fanya hesabu taratibu utaona korosho peke yake ni 10 jumlisha x, ufuta peke yake ni x toa 5, mihogo peke yake ni x toa 5, na nje ni 23 toa x. Acheni kwanza kutafuta x. Tazameni. Ufuta peke yake ni x toa 5, na kaya haziwezi kuwa hasi, kwa hiyo x haipungui 5. Nje ni 23 toa x, kwa hiyo x haizidi 23. Hatujaambiwa kitu kingine chochote, na tayari tumeifungia x kati ya 5 na 23. Akija mtu akasema nje wako 8, tunafunga mlango: x ni 15. Akija mtu akasema nje wako 20, x inakuwa 3, na tunamwambia namba zake zina kasoro hata kabla hajakaa.

Maneno mengine nitayapitia haraka kwa sababu mnayajua. “Angalau mawili” ni vyumba vinne: vile vitatu vya mawili, na cha katikati. Kijijini kwetu ni 17, 12, 23 na 15, yaani 67. “Mawili tu” inaacha katikati, ni 52. Halafu “au”. Mama akikuuliza unywe chai au uji, hutegemei kuletewa vyote. Kwenye seti, anayelima korosho au ufuta ni pamoja na anayelima vyote. Mwanafunzi hana kosa kuchanganyikiwa; nyumbani kwao neno hilo linafanya kazi nyingine. Aambiwe mapema na aambiwe kwa mfano.

Na pale mtihani unapokuja kwa Kiingereza, kama sekondari zetu za Tanzania, msianze kuchora. Wafundisheni kulieleza fumbo upya kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, pembeni ya karatasi. Najua wakaguzi wana maoni yao. Mtoto anayeweza kusema “hawa ni wa korosho, wawe na kingine au wasiwe nacho” ameshamaliza nusu ya kazi.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka seti zilivyoingia kwetu. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika na wa Kimarekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya zile zilizoitwa hisabati za kisasa. Wazo lilikuwa zuri na vitabu vilikuwa vizito. Wazazi wakalalamika: mtoto anajua kuandika mabano ya seti, ukimtuma dukani anarudi na chenji pungufu. Kenya ikaziondoa hisabati hizo mwaka 1981 kwa agizo la Rais Moi. Uganda seti zimebaki hadi leo mpaka kwenye mtihani wa kumaliza darasa la saba. Kwa maoni yangu wazazi walikuwa na haki juu ya alama na istilahi, kulikuwa na lundo la alama bila kazi. Ila maduara hayakuwa na kosa. Ukitaka kujua kama mtoto anaweza kusoma tangazo la kazi linalosema “awe na cheti au uzoefu”, mpe fumbo la seti.

Kuna anayeuliza vipi mazao manne. Maduara manne hayatoshi. Unahitaji vyumba 16, na maduara manne, uyapange utakavyo, hayatoi zaidi ya 14. Jaribuni usiku wa leo kama hamna usingizi. Venn mwenyewe alitumia maumbo ya yai kwa seti nne, na yakatosha.

Nikae kidogo kwenye mafumbo yasiyo na jibu moja, kwa sababu mitihani inayaogopa na maisha yamejaa hayo. Kijiji kimoja, asilimia 80 wana redio, asilimia 70 wana simu. Wenye vyote ni asilimia ngapi? Gazeti litakuandikia 56, limechukua asilimia 70 ya ile 80. Aliyekuambia simu na redio hazijuani ni nani? Chora. Pande zote pamoja haziwezi kupita 100, na 80 na 70 ni 150, kwa hiyo wenye vyote hawapungui 50. Na hawawezi kuzidi 70, maana wenye simu ndio hao. Kati ya 50 na 70, basi. Anayetaka namba moja aende akaulize watu.

Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati wa Oxford ambaye wengi wanamjua kwa jina la Lewis Carroll, aliwahi kutoa fumbo la namna hii kuhusu askari wastaafu: asilimia 70 wamepoteza jicho, 75 sikio, 80 mkono, 85 mguu. Angalau asilimia ngapi wamepoteza vyote vinne? Usichore, vyumba ni 16. Wageuze: ambao macho yao yamesalimika ni 30, masikio 25, mikono 20, miguu 15. Jumla 90. Hata kama kila aliyesalimika alisalimika kitu kimoja tu, wanaobaki ni 10. Fumbo la huzuni, lakini kuhesabu walio nje badala ya walio ndani ni silaha ambayo wanafunzi wetu hawapewi.

Na kuhusu walio nje, jambo moja tena. Ziwani huwezi kuchora mstatili. Hujui samaki wako wangapi. Mdenmark C. G. J. Petersen, mwishoni mwa karne ya 19, aliwatia samaki alama akawarudisha majini. Miaka ya baadaye, 1930, Frederick Lincoln wa Marekani alifanya hesabu ya jinsi hiyo kwa mabata waliofungwa pete. Tuseme umetia alama samaki 100. Baadaye umevua 80, na 16 kati yao wana alama. Maduara mawili: waliotiwa alama 100, waliovuliwa safari ya pili 80, kati 16. Kumi na sita ni moja ya tano ya 80. Kama samaki wenye alama wamechanganyika vizuri na wenzao, basi hao 100 nao ni moja ya tano ya wote. Ziwa lina kama samaki 500. Nje ya maduara yote, ambao hakuna mkono wa mtu uliowagusa, ni 336. Ofisi za takwimu hutumia wazo hilohilo baada ya sensa: orodha ya pili inachukuliwa katika maeneo machache, inalinganishwa na ya kwanza, na inakadiriwa wamekosekana wangapi. Lakini sikilizeni lile “kama”. Samaki aliyeponea wavu mara moja akajifunza kuukwepa, hesabu imeharibika. Mtu anayejificha makarani wa sensa atajificha na wale wa pili.

Muda umekwisha, naona Mwalimu wa taaluma anatazama saa. Nimemwachia karatasi zenye fumbo moja la kwenda nalo shuleni. Ofisi ina watu 30. Watu 22 huwa wanakuja kwa daladala, 18 kwa bodaboda, 12 hutumia vyote viwili kwa siku tofauti, na 5 hawatumii hata kimojawapo. Wangapi wanatumia bodaboda tu?

Wengi watawaletea 6, kwa sekunde kumi. Msiseme kitu. Waambieni wajaze vyumba vyote vinne na wajumlishe. Atakayerudi akiwaambia ofisi hiyo haiwezekani na akawaonyesha kwa nini, mpeni alama zote. Aliyeng'ang'ania 6, mwiteni ubaoni na chaki, awapange hao watu mmoja mmoja hadi wamshinde. Ahsanteni.